Sura ya Tano: Mfuko wa Halmashauri

Mpangaji wa chumba kimoja Unga Limited, jijini Arusha, akinunua umeme wa LUKU mwanzoni mwa mwezi, sehemu ya pesa yake hukatwa kabla uniti hazijahesabiwa. Makato hayo ni kodi ya jengo. Mwenye nyumba huenda anaishi Njiro, au Moshi, au Dar es Salaam, lakini mita imefungwa ukutani kwa mpangaji, na anayeingiza tokeni ndiye anayelipa. Utaratibu huu ulianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Bajeti ya 2023 ikapandisha viwango hadi 1,500 na 7,500. Hakuna foleni, hakuna mgambo, hakuna karatasi ya madai inayobandikwa mlangoni. Katika miaka zaidi ya 120 ya kutozwa kodi chini ya Mlima Meru, haijawahi kuwapo kodi iliyokusanywa kwa utulivu kama hii.

Utulivu huo una gharama. Pesa inakwenda kwanza Hazina, na sehemu tu ndiyo hurudi kwenye halmashauri. Mtaro ulioziba jirani na Soko la Kilombero, taka zilizokaa wiki nzima bila kuzolewa, shule ya msingi yenye matundu machache ya vyoo: hayo yote mwananchi humwuliza diwani wake. Diwani hakupanga kiwango cha kodi ile, hakuikusanya, wala hana karatasi inayoonyesha kata yake imechangia kiasi gani. Anayeulizwa hakusanyi, na anayekusanya haulizwi. Namna Arusha ilivyofika hapo ni hadithi ndefu, na haikuanza na umeme.

Ilianza na bunduki. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Meru. Kapteni Kurt Johannes akaongoza majeshi ya Wajerumani kulipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Mwaka 1898 serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya kibanda katika koloni zima, na kufikia 1900 boma la Arusha, lile ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilikuwa limesimama. Kodi ilidaiwa kwa rupia. Asiyekuwa na rupia alizitafuta kwa kufanya kazi ya mikono, mara nyingi kwenye shamba la mlowezi au kwenye barabara ya serikali, na hilo ndilo lililotakiwa. Kodi ya kibanda ilikuwa chombo cha kupata vibarua kabla haijawa chombo cha kupata mapato.

Waingereza walipokabidhiwa nchi waliiendeleza kwa sheria ya mwaka 1922 ya kodi ya nyumba na kichwa. Miaka minne baadaye Gavana Donald Cameron alileta utaratibu wa kutawala kupitia machifu. Mangi wa Meru na viongozi wa Waarusha wakawa sehemu ya dola, na kila eneo likapewa hazina yake ndogo, iliyobaki na fungu la kodi ili kumlipa karani, tarishi, hakimu wa baraza na mwalimu. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mfuko wa pesa ambao watu wa mlimani waliweza kuuonyesha kidole na kuuliza: zimefanya nini?

Swali hilo liliulizwa kwa sauti kubwa zaidi kusini-mashariki kidogo, kwenye milima ya Upare. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mamlaka ya wenyeji ilianzisha kodi mpya iliyoitwa mbiru, ambayo ilipangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi Same, wakapiga kambi kwenye makao makuu ya wilaya na kukataa kuondoka. Paulo Mashambo alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Baadaye wanawake nao waliingia, wakawakabili maofisa Usangi kwa niaba ya waume waliokuwa mbali na mashamba kwa miezi. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya mgomo huo mwaka 1971, na kinachojitokeza ndani yake ni kwamba ugomvi haukuwa juu ya kulipa peke yake. Wapare walikuwa wakilipa kodi miaka yote. Walichokataa ni kikundi cha watu kukaa faragha na kuamua kwamba fulani ana mali kiasi gani, wakati ndugu wa watawala wanakadiriwa kwa upole. Walitaka kujua kipimo. Mbiru ilifutwa.

Wameru walitoa somo la upande wa pili. Mwaka 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi igawiwe walowezi wa Kizungu. Wananchi walichanga pesa zao wenyewe, nyumba kwa nyumba, wakamkodi wakili Earle Seaton, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kuwasemea. Hakuna sheria iliyowalazimisha kuchanga, na wengi wao walikuwa wakulima wadogo wa kahawa na ndizi. Kwa hiyo anayesema watu wa mlima huu hawapendi kutoa pesa kwa jambo la wote hajasoma historia yao. Wanatoa. Wanataka tu kujua zinakokwenda.

Uhuru ulipokuja, halmashauri zilirithi kodi za mkoloni na chuki iliyoambatana nazo. Azimio la Arusha la 1967, lililopitishwa na TANU katika mji huu huu, lilionya kwamba mikopo inayojenga miji hulipwa kwa jasho la wakulima wa vijijini. Mwaka 1969 serikali ilifuta kodi ya kichwa pamoja na ushuru wa mazao wa halmashauri. Mkulima alipumua, lakini halmashauri zilibaki na majukumu yale yale bila mfuko. Miaka mitatu baadaye zilifutwa zenyewe. Mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972, uliotayarishwa kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, uliahidi kusogeza madaraka karibu na wananchi. Kilichosogea ni maofisa wa Dar es Salaam, waliohamishiwa mikoani na wilayani wakiwa bado wanawajibika Dar es Salaam. Katika miji, taka, mifereji na vyoo vya umma vilikosa mwenyewe. Mwaka 1978 mamlaka za miji zikarudishwa kwa sheria, na sheria za 1982 zikarudisha halmashauri zote, ikiwamo ile ya fedha za serikali za mitaa ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kila ushuru unaotozwa Kilombero, Tengeru au Ngaramtoni.

Pamoja na halmashauri, ilirudi pia kodi ya kichwa, safari hii kwa jina la kodi ya maendeleo. Mtu mzima aliyefikisha miaka 18 alidaiwa kiasi kimoja kwa mwaka, awe ana duka au hana hata jembe la kukodisha. Wanaume waliozidi miaka 40 leo wanakumbuka namna ilivyokusanywa: vizuizi barabarani, mgambo alfajiri mlangoni, vijana wakikimbilia migombani au porini wakisikia watoza kodi wameingia kijijini. Stakabadhi ya kodi ilikuwa pasi ya kutembea. Aliyeikosa aliweza kushushwa kwenye basi au kuzuiwa sokoni. Mtafiti wa Norwei, Odd-Helge Fjeldstad, aliyefuatilia ukusanyaji huo katika wilaya za Kilosa na Kibaha, alionyesha jinsi mabavu na ukwepaji vilivyolishana: kadiri watu walivyoona hawapati huduma, ndivyo walivyokwepa, na kadiri walivyokwepa ndivyo mgambo walivyoongezwa.

Mwaka 1998 Arumeru ililipuka. Wilaya hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa na halmashauri moja kwa Wameru na Waarusha wote waishio nje ya mji, iliona wananchi wakiinuka kupinga hadharani kodi ya halmashauri yao. Mtaalamu wa siasa Tim Kelsall aliuchambua mgomo huo katika jarida la *African Affairs* mwaka 2000, akautazama pamoja na siasa za wilaya: wasomi, wafanyabiashara, wanasiasa na vyama, wote waligombea nani aisemee wilaya na nani ashike rasilimali zake. Inafaa kukumbuka kwamba Oktoba 1998, mwaka ule ule wa mgomo, serikali ilitoa sera yake ya kuboresha serikali za mitaa, iliyoahidi kugatua madaraka na fedha. Wakati sera ikiandikwa, wananchi wa Arumeru walikuwa wameshasema wanachofikiri juu ya halmashauri inayodai bila kueleza.

Miaka minane tu kabla ya hapo, jambo la aina hiyo lilikuwa limetokea katika nchi iliyowatawala. Serikali ya Margaret Thatcher ilifuta kodi ya majengo ya halmashauri za Uingereza na kuweka kodi ya kichwa, Scotland mwaka 1989, England na Wales mwaka 1990. Tajiri wa jumba kubwa na mfagizi wake walidaiwa kiasi kile kile. Tarehe 31 Machi 1990 maandamano yaliyofika Trafalgar Square yakageuka ghasia, mamilioni ya watu wakagoma kulipa, na Novemba Thatcher akajiuzulu. Hoja ya wabunifu wa kodi hiyo ilikuwa na chembe ya maana: kila mpiga kura alipe kidogo, ili kila mpiga kura aibane halmashauri yake. Walisahau kwamba mtu hujisikia mwenye mali pale tu mzigo unapokuwa wa haki. Mwaka 1993 kodi ile ikabadilishwa na nyingine inayotozwa kwa madaraja ya thamani ya nyumba.

Tanzania nayo iliachana na kodi ya kichwa Juni 2003. Katika hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha Basil Mramba alitangaza kufutwa kwa kodi ya maendeleo pamoja na lundo la ushuru mdogo mdogo uliokuwa ukiwasumbua wananchi. Mwaka uliofuata leseni za biashara ndogo nazo zikaondolewa. Furaha ilikuwa ya kweli, na ilistahili. Hakuna sababu ya kuitamani kodi iliyomfanya baba mtu ajifiche migombani. Lakini ilifutwa bila kuweka kingine kilicho bora mahali pake. Halmashauri zilipewa ruzuku ya fidia kutoka Hazina, na kuanzia hapo sehemu kubwa kabisa ya bajeti zao, mishahara ya walimu na wauguzi ikiwa juu ya orodha, ilitoka juu. Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye huteuliwa na Rais, alianza kutazama Dodoma zaidi ya alivyotazama baraza la madiwani.

Vijijini pengo lilizibwa na michango. Shule za kata zilipoanza kujengwa kwa kasi mwaka 2006, kila kaya ilipangiwa kiasi, mawe, mchanga au siku za kazi. Michango haikuitwa kodi. Haikupigiwa kura na Bunge kama ibara ya 138 ya Katiba inavyotaka kwa kodi, na mara nyingi haikukaguliwa. Iliwabana zaidi maskini, maana kaya yenye ng'ombe mmoja ilichanga sawa na yenye lori. Ilipofika Januari 2018, Rais John Magufuli aliipiga marufuku michango ya lazima shuleni, na kwa mara nyingine unafuu wa mwananchi ulikuwa pengo la halmashauri. Madarasa mapya yaliyojengwa nchi nzima mwaka 2021, yapatayo 15,000, yaligharimiwa kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa wakati wa UVIKO. Mabango ya shukrani yalimtaja Rais aliyemfuata Magufuli. Ni haki kushukuru, ila mkopo huo utalipwa na walipa kodi, wakiwamo wa Usa River na Sombetini, na hakuna bango lililowashukuru.

Mjini, wakati huo huo, Arusha ilikuwa imefanya jambo ambalo lilistahili kuigwa. Kupitia mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, Jiji liliacha madaftari ya mkono na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta uliounganishwa na ramani. Daftari la zamani lilikuwa na majengo takriban 23,000. Ramani ilipochorwa upya, yakahesabiwa majengo zaidi ya 100,000. Maana yake ni rahisi kuielewa: kwa miaka mingi nyumba moja kati ya nne au tano ndiyo iliyodaiwa kodi, na nyingine zote zilipata lami, taa na mitaro kwa jasho la hiyo moja. Mapato ya Jiji yalianza kupanda. Kodi ya majengo ndiyo hasa kodi inayofaa serikali ya mtaa, kwa kuwa jengo halihami, halifichiki, na thamani yake hupanda pale halmashauri inapofanya kazi vizuri. Barabara ikipita Moshono, kiwanja cha Moshono hupanda bei, na haki inataka sehemu ya faida hiyo irudi kwenye barabara inayofuata.

Kisha siasa ikaingia. Arusha ilikuwa imeshazoea ushindani mkali. Mgogoro wa kumchagua meya uligharimu maisha ya watu watatu katika maandamano ya Januari 5, 2011. Katika uchaguzi wa Oktoba 2015 Chadema ilichukua wingi wa madiwani wa Jiji, na Calist Lazaro akawa meya. Dar es Salaam na miji mingine kadhaa pia iliangukia mikononi mwa upinzani. Katikati ya 2016 sheria ya fedha ilihamisha ukusanyaji wa kodi ya majengo ya majiji na manispaa kwenda Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwaka 2017 ada ya mabango ya matangazo ikafuata. Barabara za mitaa na maegesho ya magari yakaenda TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka huo. Upinzani ulisema halmashauri zao zinanyongwa. Serikali ilijibu kwamba TRA ina uwezo zaidi wa kukusanya na kwamba mabadiliko yanahusu nchi nzima, zikiwamo halmashauri za CCM.

Jibu la serikali halikuwa la kupuuzwa. Halmashauri nyingi zilikusanya vibaya, na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, zinazowekwa mezani bungeni kila Aprili, zilijaa vitabu vya stakabadhi visivyoonekana na makusanyo yasiyofika benki. Hata hivyo Arusha, iliyokuwa imetoka kuhesabu nyumba zake upya, haikuwa mfano wa uzembe huo. Nayo hoja ya uwezo haikudumu. TRA haikuwa na watu wa kufika kila mtaa, na ili kurahisisha kazi, viwango vikawekwa bapa: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na kwenye miji 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwanzoni mwa 2021 halmashauri zikapewa tena kazi ya kukusanya. Miezi michache baadaye kodi ikahamia kwenye LUKU. Kodi moja ilibadilishiwa mikono mara tatu ndani ya miaka mitano, na hakuna mara hata moja ambapo baraza la madiwani la Arusha liliamua.

Kiwango bapa ndicho kinachoumiza. Nyumba ya vyumba sita yenye bustani na ukuta Njiro, ikiwa haina ghorofa, hulipa sawa na nyumba ya tofali za kuchoma ya Daraja Mbili. Thamani zao zinapishana mara ishirini au zaidi. Sheria ya kodi ya majengo ya mwaka 1983 ilikuwa na akili kuliko hii, kwa sababu ilijengwa juu ya uthamini: mthamini anakadiria jengo, daftari linawekwa wazi, mwenye nyumba anaweza kupinga. Uthamini ni ghali na unachukua muda, ni kweli. Lakini kuuacha kabisa ni kumwambia mwenye nyumba ndogo amlipie mwenye nyumba kubwa. Uingereza inaonyesha mwisho wa njia hiyo. Nyumba za England bado zinatozwa kwa thamani ya mwaka 1991, na bili ya nyumba ya daraja la kati katika mtaa wa kitajiri wa Westminster ni chini ya nusu ya ile ya Nottingham. Kila serikali inajua si haki, na kila serikali inaogopa kuthamini upya.

Mpangaji anaumizwa kwa namna yake. Kisheria kodi ni ya mwenye jengo. Katika vyumba vya kupanga vya Ngarenaro na Kaloleni, ambako mita moja huhudumia kaya kadhaa zinazochangia tokeni, haipo njia nyepesi ya kumkata mwenye nyumba. Wapo wenye nyumba waungwana wanaopunguza kwenye pango. Wazee wenye miaka 60 na kuendelea wamesamehewa kwa nyumba wanazoishi, ila mashine haimjui mzee. Inabidi yeye afunge safari kwenda kujieleza ofisini.

Upande wa masoko ulipata mtikisiko wake. Desemba 2018 Rais Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, 670,000 kwa awamu ya kwanza, kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Machinga na mama lishe wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka hawakutakiwa kudaiwa tena ushuru wa kila siku. Kwa mama anayeuza ndizi Samunge, hilo lilikuwa jambo kubwa. Aliacha kukimbizana na mgambo. Pesa ya vitambulisho ilikwenda Hazina, wakati maji, ulinzi na ufagizi wa soko vilibaki juu ya halmashauri. Mwaka 2017 ushuru wa mazao nao ulikuwa umepunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa kabisa kwenye mageti. Mkulima wa nyanya wa King'ori anayepeleka kreti zake Tengeru alinufaika. Halmashauri ya Meru, iliyozaliwa baada ya Arumeru kugawanywa, ilipoteza sehemu ya chanzo chake kikuu.

Hakuna ubaya katika yoyote kati ya nafuu hizi ikitazamwa peke yake. Tatizo ni mwelekeo: kila mara Bunge na Rais ndio wanaosamehe, na halmashauri ndiyo inayolipia msamaha. Sifa inakwenda juu, pengo linabaki chini. Kisha halmashauri ile ile inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria hiyo ya 2018 ni nzuri, na vikundi vingi vya Arusha vimepata pikipiki, cherehani na mitaji kwayo. Hata hapo, Mkaguzi Mkuu alipoibua vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, uamuzi wa Aprili 2023 wa kuisimamisha ulitoka kwa serikali kuu kwa nchi nzima, na kuirejesha mwaka 2024 kulitoka huko huko. Halmashauri iliyotunza mikopo yake vizuri ilifungiwa sawa na iliyoiba.

Mei 2022 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Arusha na kumsimamisha kazi mkurugenzi wa Jiji pamoja na watumishi wengine kwa tuhuma za matumizi ya fedha. Ukumbini walikuwamo madiwani waliochaguliwa na watu wa mji huu, na wao ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kuziona hesabu hizo na kuchukua hatua. Wananchi walishangilia, na mtu hawezi kuwalaumu. Lakini mji wenye watu zaidi ya laki sita hauwezi kuendeshwa kwa kusubiri ziara ya Waziri Mkuu.

Wanaoogopa kuziachia halmashauri fedha wana mifano ya kutosha, na mmoja mkubwa uko Uingereza. Septemba 2023 Halmashauri ya Birmingham, inayohudumia watu zaidi ya milioni moja, ilitangaza kwamba haiwezi kumudu matumizi yake. Madai ya malipo sawa ya wanawake, mfumo wa kompyuta ulioshindwa na kupunguzwa kwa ruzuku tangu 2010 vilikutana mahali pamoja. Serikali ilipeleka makamishna, na mwaka uliofuata wakazi wakapandishiwa kodi kwa karibu asilimia 10 huku maktaba na huduma za vijana zikikatwa. Makosa ya halmashauri yalikuwa ya kweli. Kilichotokea pia ni kwamba wakazi walijua: bili ilikuja na jina la halmashauri, hesabu ziligombaniwa mezani kwa madiwani, na hasira ilipata anwani.

Kenya ilichagua njia ya katiba. Kwa katiba yake ya 2010, si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa lazima yaende kwenye kaunti 47, na mvutano wa kila mwaka kati ya Seneti na Bunge la Taifa juu ya mgao huo hufanyika mbele ya macho ya watu. Wizi haukwisha, umegatuliwa pia, Wakenya wenyewe ndivyo wasemavyo. Hata hivyo gavana hawezi kusema hakuletewa bila kuonyeshwa namba. Katiba ya Tanzania, katika ibara za 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, lakini haitaji senti moja ya kuyaendesha.

Kati ya Januari na Machi kila mwaka, mabaraza ya madiwani ya Jiji la Arusha, Halmashauri ya Arusha na Halmashauri ya Meru hujadili makisio ya mwaka unaofuata kabla hayajapelekwa TAMISEMI na hatimaye bungeni. Hapo ndipo kodi ya majengo inapaswa kurudi. Kukusanya kwa LUKU kunaweza kuendelea, maana ni njia ya bei nafuu na imewaondolea watu usumbufu. Kinachopaswa kuhama ni uamuzi wa kiwango na umiliki wa pesa: baraza lipange madaraja machache ya nyumba kwa kata na ukubwa, wathamini waanze na majengo makubwa ya biashara, mwenye nyumba adaiwe kwa jina lake, na yote yanayokatwa Arusha yaingie akaunti ya Arusha. TANESCO inajua kila mita iko wapi, kwa hiyo hesabu ya Sombetini, Themi, Muriet au Usa River inaweza kutolewa bila kuajiri mtu hata mmoja. Ibandikwe kwenye ofisi ya kata kila robo mwaka, pembeni yake orodha ya kilichofanywa kwa pesa hiyo, isomwe kwenye mkutano wa mtaa na wa kijiji pamoja na mapato na matumizi mengine, na diwani atakayeshindwa kuieleza aulizwe pale pale, wakati bado yuko madarakani.